Chaja Bandia na Fatwa Bandia

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Aliyeteremsha Mizani pamoja na Kitabu ili watu wasimamie uadilifu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin kwa biashara yake kabla hawajamsikia akiwalingania. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, yapo maneno yanayozagaa katika maduka ya vifaa vya simu, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Luthuli jijini Nairobi, na yanayosikitisha zaidi ni yale yatokayo vinywani mwa watu wa swafu ya kwanza. Muulize mwenye duka kwa nini anauza chaja yenye nembo ya Samsung au Apple ilhali anajua fika kwamba haikutengenezwa na kampuni hizo. Hatakuambia kwamba ameteleza. Atakutolea fatwa. Atasema wanachuoni wamekhitalifiana kuhusu haki za ubunifu. Atasema wenye nembo ni makafiri waliotunyonya tangu enzi za ukoloni. Atasema mnunuzi mwenyewe anajua kwamba kitu ni feki, na kwamba yeye anawasaidia maskini wasiomudu bei ya kitu halisi.

Hoja hizo nne tutazipima moja baada ya nyingine kwa mizani ya sharia. Jambo hili si dogo. Kwa fedha hizo watu wanalisha familia zao, wanatoa zaka, wanakwenda Hijja, na wanachangia ujenzi wa misikiti na madrasa zetu.

Khitilafu ya wanachuoni ipo wapi?

Ni kweli kwamba wanachuoni wamekhitalifiana. Imam Al-Qarafi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Maliki katika karne ya saba Hijria, alieleza katika kitabu chake Al-Furuq kwamba haki zinazofungamana na akili na rai ya mtu hazirithiwi kama inavyorithiwa mali. Waliokuja baadaye waliijenga hoja yao juu ya msingi huo. Nchini Pakistan, Mufti Muhammad Shafi, aliyefariki mwaka 1976, hakukubali kwamba mwandishi anaweza kuwazuia wengine kukichapa kitabu chake. Mwanawe, Mufti Taqi Usmani, alilichunguza suala hilo na kufikia rai tofauti na ya baba yake. Kisha mwezi Disemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Kuwait na kutoa azimio nambari 43: jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki mahsusi za wenyewe, zina thamani ya mali katika zama zetu, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzichupia mipaka.

Hebu tuchukulie kwamba mfanyabiashara wetu hakubaliani na azimio hilo, na kwamba ameamua kushikamana na rai ya Mufti Shafi. Je, rai hiyo inamhalalishia chaja yake? Haimhalalishii hata kidogo. Mjadala wa wanachuoni hao ulihusu mtu aliyenunua kitabu: je, ana haki ya kukinakili? Hakuna aliyesema kwamba mtu anaweza kuandika kitabu chake mwenyewe, akabandika jina la Imam Nawawi juu ya jalada, kisha akakiuza kwa watu kama kazi ya Imam Nawawi. Huko si kunakili elimu. Huo ni uongo, na wanachuoni hawajawahi kukhitalifiana juu ya uharamu wa uongo katika biashara.

Tofauti hii ndiyo kiini cha suala zima. Uvumbuzi ni fikra, na fikra inaweza kujadiliwa kama inamilikiwa ama haimilikiwi. Nembo si fikra. Nembo ni ushahidi. Inamwambia mnunuzi kwamba kitu hiki kimetoka kwa fulani, na fulani ndiye mdhamini wake. Anayeighushi nembo ametoa ushahidi wa uongo, na Mtume (S.A.W.) aliuweka ushahidi wa uongo katika orodha ya madhambi makubwa kabisa, pamoja na shirki na kuwaasi wazazi wawili.

"Ni mali ya makafiri"

Hoja hii ni nyepesi, lakini ndiyo inayopendwa zaidi kwa kuwa inauvisha ulafi kanzu ya jihadi. Rejea kisa cha Hijra. Makureshi walikuwa wamekula njama ya kumuua Mtume (S.A.W.), ilhali amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Hakuondoka nazo. Alimwacha Ali bin Abi Talib (R.A.) nyuma, katika mji uliojaa hatari, ili amrudishie kila mtu amana yake. Tena katika habari za Hudaybiyya, aliyoisimulia Bukhari, tunakuta kwamba Mughira bin Shu'ba (R.A.), kabla ya kusilimu, aliwafanyia khiyana watu aliosafiri nao, akawaua na kuchukua mali zao. Alipokuja kusilimu, Mtume (S.A.W.) aliupokea Uislamu wake na akajitenga na ile mali. Wenye mali walikuwa washirikina, lakini khiyana haikugeuka halali kwa sababu hiyo.

Isitoshe, Qur'an ilipowakataza watu wa Nabii Shu'ayb (A.S.) wasipunje, ilitaja kuwapunja "watu". Na Suratul Mutaffifin inapowaahidi adhabu wapunjao vipimo inataja "watu" vilevile. Haikuwekwa sharti la dini ya anayepunjwa.

Halafu tuulizane: ni nani hasa anayeumizwa na chaja hiyo? Kampuni ya California au ya Korea haiwezi kufilisika kwa duka la Kariakoo. Mwenye kuumia ni mama lishe wa Manzese aliyeiacha chaja kwenye soketi usiku huku watoto wamelala. Ukimpiga mshale kafiri aliye ng'ambo ya bahari na ukamchoma jirani yako, hujapigana na kafiri.

Si hofu ya kubuni

Umeme wa ukutani ni wa volti 230, na simu huhitaji takriban volti 5 tu ili ijae. Ndani ya chaja pande hizo mbili hutenganishwa na kizuizi na nafasi maalumu. Nafasi hiyo ndiyo inayoulinda mkono wa mtu na umeme unaoua. Mtengenezaji wa chaja bandia, kwa kubana gharama, huipunguza nafasi hiyo, hutumia kizuizi dhaifu, na huondoa vifaa vya kukata umeme pindi joto linapozidi. Kwa nje chaja mbili zinafanana kama pacha. Mwaka 2016 taasisi ya UL, ambayo kazi yake ni kupima usalama wa vifaa, ilizifanyia majaribio chaja bandia 400 zenye nembo ya Apple. Asilimia 99 zilishindwa jaribio la kuzuia umeme kuvuja, na 12 kati yake zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtumiaji.

Kisha tuangalie pawabenki. Juu yake huandikwa kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi. Mtu akiandika 20,000 ilhali ndani hamfiki hata nusu yake, amefanya nini tofauti na muuza ngano wa zamani aliyekuwa na kibaba chenye kitako cha uongo? Kipimo kimebadilika jina, dhambi ni ileile. Suratul Mutaffifin haikuwateremkia wauza nafaka pekee.

"Mnunuzi anajua"

Sharia imemruhusu mtu kuuza kitu chenye kasoro kwa sharti la kuibainisha. Mtume (S.A.W.) alipopita kwa muuza chakula sokoni, aliingiza mkono ndani ya lundo akakuta unyevu chini yake. Muuzaji alitoa udhuru kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) hakuupinga udhuru wa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu ili watu wauone, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi hayumo katika watu wake.

Sasa mfanyabiashara wetu anasema kila mtu anajua. Kama kila mtu anajua, kwa nini nembo imebandikwa? Kwa nini boksi limeigwa hadi rangi na maandishi madogo ya nyuma? Watu hawagharimii kificho kwa jambo lisilofichwa. Na hata kama mnunuzi anashuku kwamba si orijino, anachoshuku ni kwamba itaharibika mapema. Hakuna aliyemwambia kwamba inaweza kumuua. Kujua kuwa kitu ni "feki" si kuijua kasoro yake.

Kwa muuzaji wa jumla jambo ni zito zaidi. Yeye husema: mimi namwambia ukweli mchuuzi anayenunua kwangu katoni nzima. Ukweli huo unaishia mlangoni mwa ghala. Nembo ndiyo inayoendelea na safari: itasema uongo kwa machinga, kwa abiria wa daladala, kwa mwanafunzi wa Tandahimba, na wewe muuzaji wa jumla utakuwa mshirika wake kila inaposema. Allah (S.W.) katika Suratul Maida ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

"Tunawasaidia maskini"

Maskini ana haki ya kupata kitu cha bei nafuu, na Uislamu haumlazimishi mtu kununua kwa jina kubwa. Zipo chaja zinazotengenezwa China kwa jina la mtengenezaji mwenyewe, zilizopimwa, na bei yake si ya kutisha. Hizo si bandia na kuziuza ni biashara ya halali. Kava lisilo na nembo ni halali. Betri ya kampuni isiyojulikana, inayosema ukweli juu ya kipimo chake, ni halali.

Kwa hiyo unafuu hautokani na nembo ya wizi. Kinyume chake, nembo inabandikwa ili bei ipande. Chaja hiyohiyo ikiwa tupu ungeiuza kwa bei ndogo, na ikibandikwa jina kubwa unaongeza. Ile ziada ndiyo thamani ya uongo, na anayeilipa ni yuleyule maskini unayedai kumsaidia.

Tusiwasahau wakubwa

Pamoja na hayo, hatukubali kalamu hii ifanywe fimbo ya kuwapigia wachuuzi peke yao. Sheria ya Alama za Bidhaa ya Tanzania ni ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Makontena, hata hivyo, hayaingii bandarini kwa miguu yake. Mwezi Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini Tanzania, kama zilivyozimwa Kenya mwaka 2012. Mwenye simu iliyozimwa alikuwa ameinunua dukani, mchana kweupe. Kifiqhi alistahiki kurudisha kitu chenye aibu na kurejeshewa fedha zake. Ni wangapi waliorejeshewa? Adhabu ilimshukia aliyedanganywa, na aliyedanganya akabaki na faida yake.

Vilevile tusikubali neno "bandia" litumiwe kufunga milango ya halali. Kenya ilipotunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008, tafsiri yake ilikuwa pana kiasi kwamba hata dawa za nakala halali, zinazouzwa kwa bei nafuu na ambazo wagonjwa wa UKIMWI walizitegemea, zingeweza kuhesabiwa kuwa bandia. Wagonjwa walikwenda mahakamani, na mwezi Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwapa haki. Dawa ile ilikuwa na dawa ya kweli ndani yake na haikudai kuwa ya mtu mwingine. Hapo ndipo khitilafu ya wanachuoni kuhusu uvumbuzi inapostahiki kusikilizwa, na hapo masilahi ya uhai wa watu yana uzito mkubwa. Chaja ya kughushi haina mahali katika mlango huo. Aliyeichanganya na dawa ile amewadhulumu wagonjwa pia, kwa kuwapa wenye nguvu kisingizio.

Wajibu wetu

Kwa muagizaji: usiagize kitu kilichoghushiwa nembo. Kwa muuzaji mwenye shehena mkononi: kilicho hatari kiharibiwe, na kisicho na hatari kiondolewe nembo na kuuzwa kwa jina lake la kweli na bei yake ya kweli. Mnunuzi unayemjua mrudishie haki yake. Usiyemjua mtolee sadaka kiasi hicho, bila kutarajia thawabu ya mali ambayo si yako.

Kwa maimamu na kamati za misikiti: hutuba za Ijumaa zimesema sana juu ya urefu wa suruali na zimenyamazia urefu wa mkono wa mfanyabiashara. Mchango mkubwa usiwe kizibo cha mdomo wa khatibu. Muumini atusikie tukiitaja Kariakoo juu ya mimbari, kama Nabii Shu'ayb (A.S.) alivyolitaja soko la Madyan pamoja na Tauhid katika wito mmoja.

Na kwa ndugu zetu wenye maduka tunasema hivi. Mnunuzi anapopita maduka kumi na kuingia kwako kwa kuwa ameona kofia, ndevu na alama ya sijda, ameamini nembo. Nembo hiyo si ya Samsung wala Apple. Ni ya Umma wa Muhammad (S.A.W.), nawe umeivaa bila kuilipia. Ukimuuzia kitu cha uongo chini ya nembo hiyo, bidhaa bandia ya kwanza dukani mwako haiko kwenye rafu. Imesimama nyuma ya kaunta.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali Yake na atuepushe na haramu Yake.

Wabillahi tawfiq.