Mionzi Tunayoishi Nayo



Mtoto akisikia neno "mionzi" hukumbuka eksirei ya hospitali, au mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Hudhani kuwa ni kitu kilichoundwa na wanadamu. Sivyo. Mionzi ilikuwapo kabla ya hospitali na kabla ya bomu, wala hapana mahali duniani inapokosekana. Leo na tuitafute katika njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji.

Chanzo cha kwanza kiko juu yetu. Jua hutupa nuru na joto, pamoja na mionzi ya urujuanimno ambayo jicho haliioni. Mionzi mingine hutoka mbali zaidi ya jua, na hewa huizuia kwa sehemu kubwa. Tabora iko yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari; hewa iliyo juu yake ni pungufu kuliko ya Bagamoyo, kwa hiyo hupokea mionzi hiyo kwa wingi kidogo zaidi.

Chanzo cha pili kiko ardhini. Mawe makubwa ya graniti yaliyotapakaa Unyamwezi yana chembe kidogo za urani, thoriamu na potasiamu. Huko Bahi na Manyoni, upande wa mashariki wa njia hiyo, watafiti wamekuta madini ya urani. Urani huchakaa polepole mno, na katika kuchakaa kwake huzaa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huweza kujikusanya katika nyumba isiyopitisha hewa. Dawa yake ya kwanza ni kufungua madirisha.

Chanzo cha tatu ni chakula. Ndizi, viazi na maharage vina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hutoa mionzi. Basi hata miili yetu hutoa mionzi.

Mionzi ya mawe na madini ni ya aina tatu. Alfa huzuiwa na karatasi. Beta huzuiwa na bati jembamba la alumini. Gama huhitaji risasi nene au ukuta wa zege. Kwa wastani, mwanadamu hupokea kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na vyanzo vya asili. Kiasi hicho si cha kututia hofu.

Lakini yako mawili ambayo hatuna budi kuyaangalia.

La kwanza ni jua la mchana. Misafara ya kale iliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Mtoto mwenye ualbino anahitaji busara hiyo kuliko wenzake, kwa maana ngozi yake imepungukiwa na rangi inayokinga urujuanimno, na saratani ya ngozi humwandama mapema. Hali hiyo si laana wala si mzuka. Mpeni kofia pana, nguo za mikono mirefu na kivuli, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Mafuta ya kumkinga hutengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi. Na mwalimu asimsimamishe uwanjani wakati wa jua kali.

La pili ni tumbaku, zao kubwa la Tabora na Urambo. Jani lake hubeba poloniamu, elementi iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898, nayo hutoa alfa. Tumesema kuwa karatasi huizuia alfa. Lakini mvutaji huiingiza mpaka ndani ya pafu, na humo hakuna karatasi wala ngozi ya kuizuia. Huongezeka juu ya sumu nyingine za moshi. Na mtoto aliyeketi kando ya baba yake huvuta moshi ule ule.

Wazazi wenzangu, mawe ya Unyamwezi hatuwezi kuyahamisha, wala jua hatuwezi kulifunika. Kofia ya mtoto na sigara ya baba zimo mikononi mwetu. Watoto ni amana, tuitunze.