Fundi wa Muggia

Jumapili ya tarehe 31 Agosti 1997 uwanja wa San Siro mjini Milano ulifurika watu waliokwenda kumtazama Ronaldo, kijana wa Kibrazili ambaye klabu ya Inter ilikuwa imemnunua kwa bei iliyopita bei zote zilizowahi kulipwa kwa mchezaji wa kandanda mpaka siku ile. Na kwa kuwa wageni walikuwa Brescia, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, hapana aliyedhani kwamba jioni ile ingekuwa na jina jingine la kutajwa. Walakini katika dakika ya 73 mpira uliingia katika lango la Inter, na aliyeuingiza alikuwa mtu mzima wa miaka 30 ambaye siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza maishani kucheza katika Serie A. Jina lake Dario Hübner. Furaha yake haikudumu, kwani Álvaro Recoba wa Uruguay, naye akiichezea Inter kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliinuka kutoka benchi akapiga mikwaju miwili ya mbali kwa mguu wa kushoto, mmoja dakika ya 80 na mwingine dakika ya 85, Inter ikashinda 2-1. Na tangu hapo kila ihadithiwapo siku hiyo huhadithiwa Ronaldo na Recoba, na yule aliyefunga kwanza hutajwa kwa nusu sentensi, kama bawabu aliyewafungulia mlango wenye karamu kisha akabaki nje.

Dhuluma hiyo ni ndogo, lakini yanikera, maana ni sampuli ya dhuluma kubwa zaidi. Katika mazungumzo yetu ya kandanda, mchezaji aliyevaa jezi za klabu nyingi ndogo husemwa kwa dharau kuwa ni mtu wa kutangatanga, aliyekosa pa kutulia kwa sababu hakuwa na thamani ya kumfanya mtu amzuie. Naipinga hukumu hiyo, na ushahidi wangu wa kwanza ni lugha yetu yenyewe, ambayo ina neno la heshima kwa mtu wa namna hii: fundi. Fundi hakai katika nyumba aliyoijenga. Hubeba mfuko wake wa zana akaenda anakohitajiwa, akapatana ujira, akafanya kazi, na siku ya kuondoka akaacha nyuma yake ukuta uliosimama wima, ambao wenye nyumba watauegemea miaka mingi bila ya kulikumbuka jina lake. Hakuna aliyepata kumdharau fundi kwa kuwa amejenga nyumba nyingi.

Hübner alikuwa fundi kwa maana zote mbili, ya kazi ya mikono na ya mpira. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1967 katika Muggia, mji mdogo wa bandari ulio karibu na Trieste, pembeni kabisa mwa Italia, ambako ng'ambo ya mpaka zama hizo ilikuwa Yugoslavia. Umri ambao vijana wenzake waliobahatika walikuwa wamekwisha kuingia katika shule za klabu kubwa, wakifundishwa, wakilishwa na kupimwa na waganga, yeye alikuwa akishinda kazini akifanya ufundi wa vyuma na kutia fremu za alumini katika madirisha ya watu, na mpira akauchezea timu ya ridhaa ya mji wake wakati wa wasaa. Alikuwa na miaka 20 alipochukuliwa na Pievigina, timu ya daraja la chini katika jimbo la Veneto. Mwaka uliofuata, 1988, akaenda Pergocrema ya mji wa Crema. Na mwaka 1989 akafika Fano, kwenye pwani ya Adriatiki, akakaa misimu mitatu.

Hapa inafaa tutue kidogo, kwa sababu wengi huiruka miaka hii wakaharakia ile ya umaarufu, ilhali kwa rai yangu hii ndiyo iliyomfanya. Daraja la tatu la Italia, lililoitwa Serie C1, lilikuwa wakati ule na makundi mawili, kila kundi timu 18, na chini yake ilikuwapo C2 yenye makundi mengine. Hata ikawa karibu kila mji wenye soko, kanisa kuu na gazeti lake ulikuwa na timu yake ya wachezaji wa kulipwa, na kila Jumapili wenyeji walikwenda kuwatazama watu ambao siku ya Jumatatu wangekutana nao njiani. Mabeki wa madaraja yale walikuwa bado wameshika mila ya kale ya Kiitalia, ya kila beki kupewa mtu wake na kumwandama mithili ya kivuli, na nyuma yao kusimama beki mmoja huru wa kuzoa kilichowapita. Mshambuliaji aliyelelewa katika hali hiyo hujifunza mambo ambayo hayasomeshwi ubaoni: lini asimame ili anayemlinda asahau, lini aanze mbio kabla mpira haujapigwa, vipi atie bega bila ya kuadhibiwa, na vipi apige mara moja tu, kwa kuwa mara ya pili hatapewa. Hübner alijifunza hayo yote. Hakuwa na madaha; alikimbia kwa nguvu, kifua mbele, hata akapewa lakabu ya Tatanka, neno la Wahindi Wekundu wa Marekani lenye maana ya nyati; lakini alipofika mbele ya lango mguu wake ulikuwa na utulivu wa mkono wa fundi anayepima kioo kabla ya kukikata.

Msimu wa 1991-92 akawa mfungaji bora wa kundi lake la C1. Cesena ikamwita katika Serie B, akaitumikia misimu mitano, na katika ule wa 1995-96 akafunga mabao 22 akawa mfungaji bora wa daraja la pili pia. Mtu angetaraji kwamba klabu za daraja la kwanza zingegombania saini yake baada ya hapo. Ulipita mwaka mzima mwingine, na Cesena ikashuka daraja, ndipo Brescia ilipomchukua, akaingia San Siro kama nilivyoeleza.

Kule Brescia alifunga mabao 16 katika msimu wake wa kwanza wa Serie A, na timu ikashuka vilevile. Mwenye mabao 16 hakosi wa kumtaka, lakini yeye akateremka pamoja nayo Serie B, akafunga 21, kisha mwaka uliofuata 21 tena, na mwaka 2000 wakarudi juu. Ndipo alipokuja Roberto Baggio, mchezaji aliyekuwa amekwisha kupata kila fahari ambayo Hübner hakuipata, na chini ya mwalimu mzee Carlo Mazzone wawili hao wakacheza pamoja msimu mmoja ambao watu wa Brescia hawajausahau: mmoja mwenye jicho la kupenyeza mpira mahali ambapo wengine hawaoni nafasi, mwingine mwenye miaka kumi na tatu ya mazoea ya kufika mahali hapo kabla ya kila mtu. Hübner akafunga mabao 17. Kiangazi cha 2001, akiwa na miaka 34, akauzwa kwa Piacenza, na mahali pake Brescia ikamsajili kijana aitwaye Luca Toni.

Piacenza ilikuwa klabu iliyojulikana kwa jambo moja la ajabu, nalo ni kuwa kwa miaka mingi ilicheza Serie A kwa wachezaji wa Kiitalia watupu, katika zama ambazo wenzake walikuwa wakinunua kutoka pembe zote za dunia. Matumaini yake kila mwaka yalikuwa ni kutoshuka tu. Katika timu ya namna hiyo, ambamo mshambuliaji hupata nafasi mbili kwa siku na moja kati yake ni mbovu, Hübner alifunga mabao 24 katika msimu wa 2001-02. Siku ya mwisho, tarehe 5 Mei 2002, wakati Italia nzima ilikuwa imekodoa macho Roma na Udine kungojea nani awe bingwa, Piacenza iliifunga Verona 3-0, ikasalimika, na Verona ndiyo iliyoshuka. Juventus ikatwaa ubingwa, na David Trezeguet, mshambuliaji wake Mfaransa, akamaliza naye akiwa na mabao 24. Basi taji la mfungaji bora likagawanywa baina ya mtu wa timu iliyokuwa ya kwanza na mtu wa timu iliyojiokoa siku ya mwisho, na huyo wa pili alikuwa ametimiza miaka 35 wiki moja kabla yake. Katika historia yote ya kandanda ya Italia ni watu wawili tu waliopata kuwa wafungaji bora katika Serie A, Serie B na Serie C1: Igor Protti, na Hübner.

Mwezi uliofuata timu ya taifa ya Italia ilikwenda Korea na Japani kwa Kombe la Dunia bila yeye. Sisemi kwamba mwalimu Giovanni Trapattoni alikosa washambuliaji, maana alikuwa nao Vieri, Inzaghi, Del Piero, Totti na Montella. Nasema kwamba mtu aliyewafunga mabeki wa madaraja yote matatu hakupewa hata mechi moja ya kirafiki katika umri wake wote, na hilo si insafu. Milan ilimchukua katika ziara yake ya Marekani kiangazi hicho ili kumjaribu, kisha ikamwacha arudi alikotoka.

Wapo wanaosema kwamba sababu ilikuwa ni sigara zake na glasi yake ya grappa, pombe kali ya Kiitalia, na visa vya mambo hayo vimevuma mpaka leo, kila mtu akiongeza chumvi yake. Kweli alivuta, wala hakujificha. Lakini nawauliza wanaofurahia visa hivyo: mtu aliyefunga mabao 24 katika msimu aliotimiza miaka 35, na 14 katika msimu uliofuata, aliyapata kwa kuvuta sigara? Kumkumbuka fundi kwa moshi wa tumbaku yake na kuusahau ukuta wake ni kumwibia mara mbili.

Kinachonihuzunisha zaidi, hata hivyo, si kuwa yeye hakuthaminiwa, bali ni kuwa karakana zilizomtoa zinafungwa moja baada ya nyingine. Tazama orodha ya klabu alizozitumikia, pamoja na zile za baada ya Piacenza. Ancona ilifilisika mwaka 2004. Perugia mwaka 2005. Mantova mwaka 2010. Pergocrema na Piacenza zote mbili mwaka 2012. Cesena mwaka 2018. Na mwaka 2025 Brescia, iliyoasisiwa mwaka 1911, ilikosa kuandikishwa katika ligi kwa sababu ya madeni. Nyingi zimezaliwa upya kwa majina yaliyobadilishwa kidogo, zikaanzia chini, na baadhi zimekwea tena. Lakini klabu inayokufa hufa pamoja na wazee wake wa uwanjani waliojua kumtambua mtu katika uwanja wa matope. Na nafasi katika Serie C zimeanza kushikwa na timu za akiba za matajiri: Juventus tangu 2018, Atalanta tangu 2023, Milan mwaka 2024, Inter mwaka 2025. Timu hizo zina vijana hodari waliochaguliwa utotoni. Mtia madirisha wa miaka 20 atapita mlango gani?

Italia ilikosa Kombe la Dunia la 2018 na la 2022, na katika mechi tatu zilizoikosesha, mbili na Uswidi na moja na Makedonia Kaskazini, haikufunga hata bao moja. Watu wenye elimu wameeleza sababu nyingi, nami sizikatai. Lakini nchi iliyokosa mtu wa kutia mpira wavuni kwa dakika 270 yapaswa kujiuliza ni Hübner wangapi wamezeeka katika karakana za Muggia na kwingineko, bila ya kuwapo Pievigina ya kuwaita.

Rekodi yake ya kuwa mfungaji bora mwenye umri mkubwa kuliko wote katika Serie A ilidumu mpaka 2015, ilipovunjwa na mtu wa Verona mwenye miaka 38, naye pia aliyekuwa amehama klabu nyingi: Luca Toni, yule yule aliyerithi nafasi yake Brescia. Hübner mwenyewe alikuwa na mabao 74 ya Serie A alipoliaga daraja hilo mwaka 2004, baada ya nusu msimu Ancona na nusu Perugia. Akaenda Mantova katika C1, akaisaidia kupanda. Na umri ulipomkatalia kazi ya kulipwa hakuvua viatu, bali aliteremka katika timu za ridhaa za Lombardia, Chiari, Rodengo Saiano, Orsa Corte Franca, Castel Mella na Cavenago, akicheza mbele ya watu wachache waliosimama kandoni mwa uzio, mpaka miaka yake ikapita 40, bado akikimbia kifua mbele kulielekea lango.