Mfinyanzi Asibaki Kulia Gaeni: Ruzuku za Urithi na Kina Mama wa Ziwa Nyasa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Katika nyumba zetu za Unguja na Pemba mchele wa Kyela ni mgeni wa heshima. Ukipikwa siku ya harusi, harufu yake humfikia jirani kabla ya mwaliko. Lakini ni wachache kati yetu wanaoijua Kyela yenyewe: wilaya ya Mkoa wa Mbeya iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mpakani na Malawi. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba kwenye kona ya ziwa hilo, kuanzia Matema na Ikombe na kushuka chini ya milima ya Livingstone hadi upande wa Ludewa, wanaishi Wakisi, ambao wanawake wao ni miongoni mwa wafinyanzi mashuhuri wa nchi hii.

Tunawataja leo kwa sababu habari ya ruzuku za urithi imekuwa kubwa, bara na visiwani. Halmashauri, vikundi na jumuiya wanaandika maombi ya fedha za kujenga vituo vya utamaduni na kununua vifaa, na baadhi ya wasomaji wetu wamo katika kamati hizo. Tunataka kueleza jambo moja tu, nalo ni hili: ruzuku ni amana kabla ya kuwa fedha. Na mwenye haki katika amana hiyo ni yule ambaye urithi uko mikononi mwake. Aliyeandika mradi ni mbebaji tu.

Urithi wenyewe ni upi?

Mwanamke wa Kikisi hufinyanga kwa mikono. Huchimba udongo, huuponda, huukanda, huinua chungu polepole, hukianika, kisha hukichoma kwa moto wa wazi. Vyungu hupangwa katika mitumbwi na kupelekwa Lyulilo, jirani na Matema, ambako siku ya Jumamosi huwa na gulio lililozoeleka. Kutoka hapo huenda Kyela mjini, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Kazi hii binti huisoma kwa mama na bibi yake. Haina kitabu wala cheti.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kilwa Kisiwani inaingia humo bila ya swali. Chungu kilichochomwa wiki iliyopita hakiingii, hata kama ujuzi uliokifinyanga una umri mkubwa kuliko majengo mengi tunayoyalinda. Ndiyo maana mwaka 2003 UNESCO ilipitisha mkataba wa kulinda urithi usioshikika, yaani ujuzi, mila na sanaa zilizomo ndani ya watu, na Tanzania ikajiunga nao mwaka 2011. Chini ya mkataba huo ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng nchini Botswana uliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Mwaka 2018 ukaorodheshwa ufinyanzi wa wanawake wa Sejnane nchini Tunisia, dada zetu Waislamu, ambao nao hufinyanga kwa mikono yao na kuchomea nje. Nchi mwanachama inaweza pia kuomba msaada wa fedha katika mkataba huo. Kwa hiyo mlango upo, na kina mama wa Ikombe hawana upungufu wa sifa. Wanachokosa ni mtu wa kuwaandikia maombi bila ya kujiandika yeye mwenyewe mbele yao.

Jumba na mashine

Wafadhili hupenda kitu kinachopigwa picha. Jengo lina siku ya kufunguliwa, lina utepe wa kukatwa na kibao chenye jina. Ujuzi hauna utepe. Basi ombi la ruzuku huanza na jumba, likafuatiwa na samani, kompyuta na gari, na mwisho kabisa, pesa zikibaki, huja "mafunzo kwa kina mama", kana kwamba wao ndio hawajui kufinyanga.

Hatusemi kwamba majumba ni mabaya. Ng'ambo ya mpaka, Karonga, ambako pia ni ufukwe huohuo wa kaskazini ya ziwa, kuna kituo cha makumbusho na utamaduni kilichofunguliwa mwaka 2004 kwa msaada wa kutoka nje. Ndani yake watoto wa skuli huona umbo la mifupa ya dainosari aliyepewa jina la nchi yao, Malawisaurus, na husoma habari za watu wa ziwa lile tangu zama za kale. Mifupa inahitaji nyumba, ndiyo. Mfinyanzi je, anahitaji nini kwanza? Anahitaji udongo usiouzwa kwa mwekezaji chini ya miguu yake. Anahitaji kuni, kibanda cha kuanikia wakati wa masika, chombo salama cha kuvushia mzigo wake na bei isiyomdhulumu. Hivi ni vitu vidogo, na ndiyo maana husahauliwa.

Mashine nazo zina hukumu yake. Tuseme linaletwa gurudumu la umeme la kufinyangia na tanuri la kisasa. Umeme utalipiwa na nani mfadhili akishaondoka? Kifaa kikivunjika fundi atatoka wapi? Na swali zito zaidi: gurudumu hilo atalikalia nani, bibi wa miaka sitini au kijana wa kiume aliyepelekwa kozi ya wiki mbili? Mara nyingi kazi ya mwanamke ikishaingizwa mashine na fedha huhamia kwa mwanamume, na yule bibi hurudi kuwa mtazamaji wa urithi wake. Kuna madrasa moja visiwani tunayoijua iliyoletewa kompyuta kwa ruzuku. Chumba kikafungwa kwa kufuli zisije zikaharibika, na zikaharibika humo humo kwa chumvi na vumbi. Watoto walizijua kwa kuchungulia dirishani.

Wazee wetu walisema mfinyanzi hulia gaeni. Waliisema kwa masikitiko. Isije ruzuku ikaifanya kuwa kanuni.

Sisi wa visiwani tunahusikaje?

Huenda msomaji akauliza: ya Kyela yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa deni. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyofunga safari kutoka pwani ilifika mpaka ziwa lile. Karibu na Karonga, mfanyabiashara aitwaye Mlozi alijenga ngome yake, akapigana na kampuni ya Waingereza ya African Lakes kuanzia mwaka 1887, na mwaka 1895 Waingereza wakiongozwa na Harry Johnston walimkamata na kumnyonga. Mwingereza aliandika hadithi hiyo kwa faida yake, nasi tunalijua hilo. Lakini kosa la msimulizi halifuti machozi ya waliofungwa minyororo. Walioteswa katika ufukwe ule ni watu wa ziwa, na soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, lilikuwa hapa kwetu. Dhulma haisafishwi kwa kuwa aliyeitenda alikuwa na jina la Kiislamu. Anayedai heshima kwa ajili ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe aheshimu pia chungu cha Ikombe.

Tunahusika pia kwa funzo. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman, na watu wawili wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Fedha zilikuwepo na nia njema ilikuwepo. Lakini nyumba haingoji ruzuku ndipo iliwe na maji na chumvi. Inahitaji mkono wa kila mwezi. Kama jengo la mawe halisubiri, ujuzi uliomo ndani ya kifua cha bibi kizee utasubiri vipi?

Masuala matatu ya kisharia

*La kwanza: je, inafaa kupokea ruzuku ya urithi kutoka kwa ubalozi au taasisi isiyokuwa ya Kiislamu?* Asili yake inafaa. Mtume (s.a.w.) alipokea zawadi za wasiokuwa Waislamu, ikiwemo zawadi ya Muqauqis wa Misri. Sharti ni kuwa ruzuku isifungwe na jambo la haramu, wala isiwadhalilishe wenyewe kwa kuwageuza maonyesho ya watalii. Aliyeipokea amebeba amana, na katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Kwa hiyo hesabu zisomwe hadharani, kwa lugha inayoeleweka na wale ambao jina lao lilitumika kuombea. Posho za semina zinazokula fungu la kina mama ni kula mali kwa batili, hata zikiwa na stakabadhi.

*La pili: je, inafaa kuchangia ufinyanzi ikiwa baadhi ya wanunuzi hutilia pombe katika vyungu hivyo?* Chungu asili yake ni halali. Hutunza maji, hupikia chakula. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kukataza baadhi ya vyombo, kisha akaviruhusu, akaacha katazo juu ya kilevi chenyewe. Basi ulevi haukiharamishi chombo. Ila Muislamu anayejua kwa yakini kwamba huyu mbele yake ananunua kwa ajili ya pombe asimuuzie. Na iwapo mradi utahusisha kugharimia matambiko, Muislamu asitie fedha yake hapo. Kuhifadhi historia ya watu ni kitu kingine, wala si ibada. Hatuna ruhusa ya kubomoa wala kukejeli kilicho cha jirani zetu, ambao wengi wao kule ni Wakristo na wanaishi na Waislamu kwa wema.

*La tatu: je, wafinyanzi wachukue mkopo ruzuku ikikosekana?* Hapa tuwe macho. Upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, ambao siku hizi hutoa mikopo kwa wasanii kupitia mabenki. Mkopo wowote wenye riba, iwe kubwa au "nafuu", hukumu yake inajulikana kutokana na Suratul Baqara, aya ya 275 na zinazofuata. Lakini njia ya halali ipo, na wengi hawaijui. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri ya bara hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyokuwa na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, ukarejea mwaka 2024. Kikundi cha kina mama wafinyanzi kilichosajiliwa kina haki ya kuomba kama kikundi cha wafuga kuku. Atakayekwenda kuwasaidia kuandika katiba ya kikundi na kufungua akaunti amefanya zaidi kuliko aliyewapiga picha.

Ufunguo utabaki kwa nani?

Ruzuku huwa na mwisho: mwaka mmoja, miwili, mitatu. Siku mfadhili anapofunga faili ndipo swali la kweli huanza: ufunguo wa kibanda, hati ya ardhi ya machimbo ya udongo na kitabu cha benki vitabaki mkononi mwa nani? Uislamu ulilijibu swali hili mapema. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar na kumuuliza Mtume (s.a.w.), alielekezwa aizuie asili na atoe sadaka matunda yake. Hiyo ndiyo wakfu: mali haiuzwi, hairithiwi, haigaiwi, na faida yake inaendelea.

Wala tusijidanganye kwamba jina la wakfu linatosha. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, na tumeziona zikichakaa kwa kodi ndogo na matengenezo yasiyokuwepo. Wakfu bila ya msimamizi mwaminifu na fungu la ukarabati ni ruzuku nyingine iliyokwisha. Lakini mfano wake unafaa kuigwa hata na wasiokuwa Waislamu: ardhi ya udongo iandikwe kwa jina la kikundi isiweze kuuzwa na mtu mmoja. Sehemu ya mauzo ya kila gulio iwekwe kwa ajili ya kibanda na chombo. Na wengi katika kamati wawe wafinyanzi wenyewe.

Ushauri wetu kwa familia za visiwani ni mwepesi. Ukiwa na jamaa Mbeya au Kyela, mwambie akununulie chungu cha Kikisi kwa bei ya haki, asibishane na bibi kwa shilingi mia tano ilhali atalipa elfu hamsini hotelini bila ya kuuliza. Aliyemo katika kamati ya ruzuku, ya huku au ya kule, aulize kabla ya kutia saini: mwenye kazi amekaa wapi katika karatasi hii? Na wenye watoto wa kike wawakalishe kwa bibi zao, wajifunze ukili, kawa na upishi, maana sisi pia tuna hazina ambazo hakuna mfadhili anayezijua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kufikisha amana, aibariki mikono inayochuma halali kwa udongo, na atuepushe na mali inayopita kwetu ikaacha moto. Wabillahi tawfiq, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.