WAKRISTO WALIOTUTANGULIA: BIBI CATHERINE GLADSTONE

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mwanamke wa Uingereza ambaye jina la mumewe lajulikana kuliko lake. Mumewe, Bwana William Gladstone, alikuwa Waziri Mkuu mara nne, na vitabu vingi vimeandikwa juu yake. Sisi habari tuzitakazo ni za mkewe.

Bibi Catherine alizaliwa mwaka 1812 katika jamaa ya wakuu wa Hawarden, nchi ya Wales, akaolewa mwaka 1839. Mungu aliwajalia watoto wanane. Mwaka 1850 binti yao Jessy alifariki, hajatimiza miaka mitano. Tena mwaka 1857 Mary, ndugu yake mdogo aliyeolewa naye siku moja, akafa akiacha watoto kumi na wawili, naye Catherine akawa kama mama kwao. Basi mtu asidhani kwamba huyu alikuwa bibi wa raha asiyejua msiba.

Mwaka 1866 kipindupindu kiliingia upande wa mashariki wa London, mitaa ya maskini, wakafa watu zaidi ya 5,000. Chanzo kilikuwa maji: kampuni iliyowauzia watu maji iliyaacha yachanganyike na uchafu wa vyoo uliokuwamo katika mto Lea. Hospitali ya London, iliyoko Whitechapel, ikajaa wagonjwa. Wengi waliogopa hata kuikaribia. Bibi Catherine aliingia, akaketi kando ya vitanda vya waliokuwa wakikata roho, na watoto wachanga waliofiwa na wazazi aliwazungushia blanketi akawachukua mikononi mwake mwenyewe. Wavulana wengine aliwapeleka kwao Hawarden, wakalelewa huko.

Lakini jambo tulipendalo zaidi ni lile aliloliona baada ya hayo. Mgonjwa aliyepona aliondoka kitandani, ila mwili wake haukuwa na nguvu bado. Kibarua wa London hakuwa na shamba wala mhogo wa kuchimba. Asipofanya kazi leo, leo hana mkate. Basi alirudi katika chumba kimoja chenye hewa mbaya, akashika kazi miguu ikitetemeka, na maradhi yakamrudia. Nyumba za kupumzikia wagonjwa zilikuwako, lakini kwa kawaida mtu hakupokewa ila kwa barua ya tajiri aliyetoa fedha kwa ajili ya nyumba ile. Na maskini asiyejuana na tajiri, barua ataipata wapi?

Ndipo Bibi Catherine alipofungua nyumba huko Woodford, nje ya mji, karibu na msitu wa Epping, kwa ajili ya waliotoka katika hospitali ile. Hawakulipa kitu, wala hawakuulizwa barua. Walikula, walilala, walivuta hewa safi, hata nguvu zikawarudia. Walimu wafundishao habari za Msamaria watakumbuka kwamba kazi yake haikwisha alipofunga vidonda. Alimfikisha mtu yule katika nyumba ya wageni, akalipa. Fedha za Woodford Bibi Catherine aliziomba kwa rafiki zake na kwa barua katika magazeti, wala hakuona haya kuomba.

Wala hakuwa mtu wa utaratibu. Barua zake zilitapakaa kila mahali, naye mumewe alipenda kila kitu kikae mahali pake. Husimuliwa kwamba alimwambia mumewe kwa mzaha ya kuwa angalikuwa mtu wa kuchosha sana kama angalioa mwanamke nadhifu kama yeye mwenyewe. Twawaachia kina mama waamue.

Bwana Gladstone alifariki mwaka 1898. Bibi Catherine alimfuata tarehe 14 Juni 1900, akazikwa pamoja naye katika kanisa kuu la Westminster, mahali walipozikwa wafalme wengi wa zamani.