Mwenyekiti Ajibu kwa Wanachama

Msimu wa korosho unapofunguliwa Mtwara na Lindi, mkulima haupimi uongozi wa chama chake cha msingi cha ushirika kwa hotuba. Anatazama mizani inavyosoma, anachukua stakabadhi yake, kisha anasubiri fedha ziingie benki. Zikichelewa, anataka kujua zimekwama wapi. Chama chenye uongozi kitamjibu siku hiyohiyo. Pasipo uongozi ataambiwa mwenyekiti yuko safarini na katibu hajui lolote.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, baada ya sheria yake kupitishwa mwaka 2005. Kanuni ni zilezile kwa vyama vyote, lakini vyama viwili jirani vinavyouza kwenye mnada mmoja huweza kutoa huduma tofauti kama mbingu na ardhi. Kimoja kinabandika ukutani bei ya mnada na kila shilingi iliyokatwa: ushuru wa chama, wa chama kikuu, usafiri, ghala. Kingine kinataja makato kwa jumla, na anayeuliza anaitwa mchochezi. Kwenye chama hicho cha pili ndiko kangomba, mlanguzi anayenunua korosho kwa bakuli nje ya mnada, anakopata wateja. Mkulima anajua fika kwamba anapunjwa kwenye bakuli la mlanguzi, ila mlanguzi analipa palepale.

Kwa maoni yetu, kiongozi hufanya kazi vizuri pale anapowaogopa anaowaongoza kuliko anavyowaogopa walio juu yake. Historia yetu inaonyesha hivyo. KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichosajiliwa mwaka 1933, kilikua kwa sababu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikiona ni mali yao. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, na kazi zake zikahamia kwa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya 1982 ilivirudisha, lakini vingi vilirudi kwa maelekezo kutoka juu. Viongozi wakazoea kupeleka taarifa mjini, na mwanachama akazoea kuletewa uamuzi. Mazoea hayo hayajafa.

Dawa inayopendwa ni semina. Semina za uongozi hazikosekani, na posho zake nazo hazikosekani. Hatuzipingi, katibu asiyejua kufunga hesabu anahitaji kufundishwa. Lakini hakuna semina itakayomfanya mwenyekiti asome taarifa ya ukaguzi mbele ya watu kama anajua hakuna atakayemdai. Na mhasibu aliyewahi kufokewa kwa kusema fedha hazitoshi, safari nyingine atanyamaza. Bodi ya chama italijua pengo la fedha siku wakaguzi watakapofika, na siku hiyo wanaolia ni wakulima.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inaupa mkutano mkuu mamlaka ya mwisho. Huko ndiko makisio na ukomo wa madeni vinakopitishwa. Kwenye vyama vingi, hata hivyo, mkutano huo umegeuzwa shughuli ya wageni rasmi: risala, vinywaji, picha, halafu hesabu zinasomwa haraka saa kumi jioni watu wakiwa wameanza kuondoka. Ajenda ya hesabu iwe ya kwanza. Taarifa ya ukaguzi ibandikwe ofisini wiki moja kabla, kwa Kiswahili ambacho mkulima wa kawaida anakielewa. Mkuu wa wilaya akifika, asubiri.

Nanyi wanachama, msichague mtu kwa sababu anaongea vizuri au ana gari la kuwapeleka mjini. Muulizeni anayegombea kama atabandika makato ukutani kila baada ya mnada. Akianza kuzunguka, mnyimeni kura.