Ada ya Mahakama Isimnyamazishe Aliyeumia Kazini

Sheria ya hifadhi ya jamii ya Rwanda haiulizi mfanyakazi katoka nchi gani. Mwajiri humlipia kwa RSSB, Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini, na kinga hiyo ni ya fundi aliyetoka Tanga au Bukavu sawasawa na mzaliwa wa Nyamirambo. Ndiyo maana inatuuma kuona wanajumuiya wenzetu wageni waliopata ulemavu kazini wanakaa nyumbani na barua ya kukataliwa mafao, wakisema kesi ni ya wenye pesa.

Agizo la waziri la mwaka 2018 liliweka ada ya faranga 20,000 kwa shauri la Mahakama ya Kati, ambako mashauri ya kazi na hifadhi ya jamii huanzia. Kwa mtu aliyekaa miezi bila mshahara, hicho ni chakula cha watoto. Lakini asiye na uwezo, akithibitishwa na uongozi wa eneo lake, husamehewa ada hiyo. Wakenya na Waganda wanaujua utaratibu wa namna hii: Amri ya 33 ya kanuni zao za mashauri ya madai humruhusu fukara kufungua shauri bila kulipa.

Wageni tunakwama kwenye uthibitisho. Cheti cha kutokuwa na uwezo kinatoka kwa viongozi wa mahali unapoishi, nao hawawezi kumshuhudia mtu wasiyemjua. Wengi wetu tunapanga Biryogo au Kimisagara, tunahama kimyakimya, umuganda (kazi ya pamoja ya jamii) tunaukwepa, kisha siku ya shida tunaanza kuuliza ofisi ya akagari (kata ndogo) iko wapi. Jiandikishe kwenye mudugudu (kijiji) wako ukiwa mzima. Hili tunalisema kwa msisitizo, kwa sababu hakuna wakili atakayelirekebisha baadaye.

Ukishaumia, tunza kila karatasi: mkataba, hati za malipo, taarifa ya ajali, ripoti ya daktari inayotaja kiwango cha ulemavu. Kama mgogoro ni na mwajiri, mathalani hakukuandikisha RSSB, pitia kwanza kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Halafu nenda MAJ, ofisi ya msaada wa kisheria ya Wizara ya Sheria iliyopo katika kila wilaya kati ya wilaya 30 za nchi. Ushauri wao ni wa bure. Waambie mapema kwamba wewe si raia, maana mdaiwa anaweza kuiomba mahakama imtake mdai mgeni aweke dhamana ya gharama.

Msamaha wa asiye na uwezo unafuta ada ya kufungulia shauri tu. Ukishindwa, mdaiwa anaweza kukudai gharama zake za kesi na za wakili. Kwa hiyo pima nguvu ya ushahidi wako na mwanasheria kabla ya kwenda mbele.

Kuna wanaoona haya kuomba cheti cha kutokuwa na uwezo, hasa wanaume waliozoea kulisha familia. Ndugu zetu, Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 13 kinadai mlango wa mahakama uwe wazi kwenu. Mnadai haki yenu.

Muda wa kupinga uamuzi una kikomo. Mwenye barua ya kukataliwa ailete kwa katibu wa jumuiya wiki hii, na jirani yake amsindikize MAJ.