Upepo Juu, Heliamu Chini

Kiangazi kikikolea Singida, upepo huvuma kutwa kando ya Ziwa Singidani, na mazungumzo ya maendeleo hugeukia umeme wa mapangaboi. Ni mazungumzo mazuri. Toleo hili, hata hivyo, linainamisha macho ardhini.

Chemchemi za moto za nyanda zetu za kati hutoa viputo vyenye heliamu. Gesi hiyo huzaliwa polepole mno, urani na thoriamu zinapooza ndani ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndiyo maana wachimbaji wamelitupia jicho bonde la Eyasi na Balangida, mpakani mwa mkoa wetu. Nasi tunabishania leseni, mrabaha na bei. Ni nani anayeuliza gesi hii inafanya kazi gani?

Mojawapo ya kazi zake inanisisimua kuliko zote. Mhandisi anayetaka kujua chombo kitastahimili vipi mwendo uliozidi mara tano ule wa sauti hawezi kukipulizia feni. Hujaza heliamu iliyoshindiliwa upande mmoja wa bomba nene la chuma, hewa upande wa pili, na bamba la metali katikati. Bamba likipasuka, wimbi la mshtuko hukimbia mbele, likiibana na kuichemsha hewa ambayo kisha hukipiga kielelezo. Jaribio zima hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Heliamu hupendwa kwa sababu sauti husafiri ndani yake karibu mara tatu ya kasi yake hewani, hivyo msukumo wake hauchelewi. Kwa mtindo huo Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kinaendesha mtambo wa T4 tangu 1987, na Wajerumani wana HEG mjini Göttingen tangu 1991.

Nadai kila mkataba wa heliamu uambatane na bomba la kujifunzia katika vyuo vyetu. Mfaransa Paul Vieille alikuwa nalo mwaka 1899! Dogo la darasani lahitaji bomba imara, karatasi ya alumini, mwalimu anayeijua hatari ya mgandamizo, na vihisi viwili vilivyotenganishwa kwa umbali unaojulikana. Mwanafunzi agawanye umbali huo kwa muda wa wimbi kupita. Aanze kwa kusukuma kwa hewa, aandike jibu. Kisha aweke heliamu ya kwao, arudie, aone namba inavyopanda.